Nyumba ya Chokaa na Mifuko ya Saruji

Ugomvi wa ukumbi wa juu ulianza na rangi. Binti wa shangazi alikuwa ameshaposwa, harusi imepangwa Mfunguo Mosi, na shangazi ameapa kwamba bi harusi atakalishwa kwenye ukumbi wa juu wa nyumba yetu ya Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, pale pale alipokalishwa yeye, dada zake, na mama yao kabla yao. Hapo hakuna aliyempinga. Kilichotugawa ni sura ya ukumbi wenyewe. Mtoto wa ami alikuja na picha kwenye simu: kuta za kijivu, dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa, sakafu ya marumaru ya kung'aa, televisheni pana iliyopigiliwa ukutani. Mama mdogo alitaka karatasi za ukutani zenye maua ya dhahabu. Mama alitaka nyeupe ile ile aliyoizoea, basi. Ami mwenyewe yuko Muscat, na alihudhuria kikao cha kwanza cha familia kwa simu iliyoegemezwa kwenye dele la kahawa.

"Pigeni lipu ya saruji kutoka chini mpaka juu, mpake rangi, mmalize," alisema. "Pesa nitaleta mimi. Habari za chokaa ni za wazee."

Shangazi akatikisa kichwa, lakini siku zilikuwa zinakimbia. Kabla ya wiki kwisha, maboksi ya marumaru yalikuwa yamepandishwa ngazi kwa migongo ya vijana na kupangwa katikati ya ukumbi, na mifuko ya saruji ikasimama mstari kwenye daka, nyuma ya mlango mkubwa.

Kabla sijafika kwenye kishindo, nieleze nyumba yenyewe, maana mambo yote yaliyotupata yalikuwa yameandikwa katika jinsi ilivyojengwa. Ni nyumba ya ghorofa mbili juu ya ile ya chini, ya mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Kuta zake zina unene unaozidi nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba, na mgeni huuliza kwa nini wazee waliokuwa na uwezo wa kujenga ghorofa walijinyima upana. Jibu liko darini. Sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko ikishatolewa sehemu zinazoingia ukutani haivuki sana mita 3. Upana wa chumba uliamuliwa na mti wa pwani, na urefu ukaachiwa mfuko wa mwenye nyumba. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo madogo, kisha hushindiliwa zege la chokaa na kokoto. Mama alisimuliwa na bibi yake jinsi wanawake walivyokaa safu wakipiga sakafu kwa vijiti, siku baada ya siku, wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka chokaa ikashikana ikawa ngumu. Paa nalo lilikuwa sakafu ya namna hiyo hiyo, tambarare, na baadaye likafunikwa kwa mabati, kama ilivyofanyiwa sehemu kubwa ya Mji Mkongwe.

Nyumba ya aina hii hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, huingia na mvua ya masika, hutoka kwenye pumzi za watu na mvuke wa jikoni. Chokaa ina vitundu vidogo sana, unyevu ukipita ndani yake hufika usoni mwa ukuta na kukaushwa na upepo. Ndiyo maana nyumba hizi zimesimama karne na zaidi karibu kabisa na bahari. Sharti lake ni moja: ukuta uachwe upumue.

Sharti hilo lilivunjwa nyumbani kwetu miaka kadhaa kabla ya habari hii ya harusi. Kuta za chini zilikuwa zikitoa madoa na unga mweupe wa chumvi, na mkandarasi mmoja aliyesifiwa na kila mtu akaahidi kumaliza tatizo hilo moja kwa moja. Akabandua chokaa mpaka usawa wa kifua, akapiga lipu ya saruji nzito, akapaka rangi ya plastiki. Mwaka wa kwanza kulipendeza, watu wakaja kuangalia. Mwaka wa pili madoa yakatokea juu ya saruji, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na doa tangu mama azaliwe. Maji hayakuwa yameondoka. Yalizibiwa mlango, yakapanda ndani ya ukuta yakitafuta mahali pa kutokea, na yakabeba chumvi. Chumvi ikifika mahali pa kukaukia hugeuka chembe ngumu, chembe zinavimba, na jiwe la matumbawe linamegeka nyuma ya lipu bila mtu kuona. Juu ya hayo, saruji ni ngumu na ukuta wa udongo na chokaa ni laini. Ukuta unasogea kidogo kidogo kwa joto na baridi, saruji inakataa kusogea, na baina yao inabaki nafasi tupu. Ukigonga kwa kidole unasikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani.

Basi siku ya kupigilia televisheni ukumbini ikafika. Kijana wa umeme alipanda na mashine yake ya kutobolea, shangazi akawa ameketi upande wa dirishani akichambua mchele, mama mdogo akipima pazia. Kijana akatoboa tundu la kwanza, likaingia bila shida, laini kupita kiasi. Akatoboa la pili. Hapo ukuta ukatoa sauti ya kukwaruza, na kipande cha lipu chenye upana wa mlango kikaachia kutoka usawa wa dari na kuanguka kizima juu ya maboksi ya marumaru. Vumbi likajaa ukumbi mzima. Tulimsikia shangazi akisema "Ya Rabbi, ya Rabbi" ndani ya vumbi, na Mungu alitunusuru, hakuna aliyeumia. Kijana alikuwa amesimama kando ya kile kipande kwa upana wa bega lake.

Vumbi lilipotua tukaona yaliyokuwa nyuma. Mawe yalikuwa meusi kwa maji. Juu yake, pale boriti tatu zinapoingia ukutani, miti ilikuwa imebadilika rangi. Mtoto wa ami akapanda ngazi akagusa ncha ya mojawapo kwa kidole, na mti ukamwagika mkononi mwake kama ugoro.

Hakuna aliyesema neno la rangi tena siku hiyo.

Kila mtu wa Mji Mkongwe akiona boriti imeoza hukumbuka tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu kubwa ya mbele ya Beit el Ajaib iliporomoka Forodhani, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, nalo likiwa kwenye matengenezo. Watu wawili walikufa. Jumba la kifalme lilishindwa kusubiri, na nyumba ya familia haina subira zaidi ya hiyo. Mama aliamuru ukumbi ufungwe, waliokuwa wakilala chumba cha chini yake wahame usiku ule ule, na asubuhi akatumwa mtu kumtafuta mzee mmoja fundi wa chokaa anayejulikana mitaa ya Malindi.

Mzee alikuja baada ya sala ya alasiri. "Assalaam alaykum, bi mkubwa," akamwambia shangazi, akavua viatu mlangoni, akakataa kahawa mpaka atakapomaliza kuangalia. Sote tukageuka kuelekea ukumbini, kwenye ukuta ulioanguka. Yeye akapita mlango wa ukumbi bila kutazama ndani na kuendelea na ngazi, mpaka juu kabisa.

"Fundi, ukuta uko huku," shangazi akamwita.

"Nauona, bi mkubwa. Hapo ndipo maji yaliposhukia. Mimi nataka kujua yalipopandia."

Tulimfuata. Juu ya paa alituonyesha mambo matatu, na nayaandika hapa kwa sababu naamini yako juu ya paa nyingi za mji huu sasa hivi. Mlizamu unaotoa maji ya mvua nje ya ukuta ulikuwa umezibwa na majani, manyoya ya njiwa na mfuko wa plastiki, kwa hiyo kila mvua maji yalijaa kwenye kona na kuingia ukutani taratibu. Pembeni ya mlizamu ulikuwa umeota mtini mdogo, urefu wake haufiki goti, wa kupendeza kuutazama, na mizizi yake ilikuwa imeshapenya katikati ya mawe na kuyatenganisha. La tatu lilikuwa tangi la maji. Tangi la lita 2,000 likijaa lina tani 2 za maji, na letu lilisimama juu ya katikati ya chumba cha juu, mahali boriti zinapopinda kwa urahisi zaidi, mbali na kila ukuta. Bomba lake lilishuka kupitia bafu la ghorofa ya pili, na kiungo kimoja chini ya vigae kilikuwa kikivuja bila kuonekana.

Akashuka ukumbini, akatazama maboksi ya marumaru, akamwita mtoto wa ami. "Mwanangu, hesabu na mimi. Saruji ya kulazia vigae, unene wa sentimita 5, ina uzito wa kama kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Ukumbi huu una mita 3 kwa 9. Ni tani ngapi hizo?"

Kijana akapiga hesabu kwenye simu. Zilikuwa tani 2 na kilo 700, kabla ya marumaru zenyewe, juu ya boriti zilizooza ncha. Akaanza kubeba maboksi kuyashusha bila kuambiwa na mtu.

Kikao cha pili cha familia kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza, na hapa ndipo visa vya nyumba za Mji Mkongwe vinapofanana. Nyumba yetu ni ya mirathi. Wenye haki ni wengi, wengine wako Unguja, wengine Dar es Salaam, wengine Oman, wengine Uingereza, na kila mmoja ana fungu lake alilopangiwa na sheria. Fungu la nyumba ni rahisi kulitaja, lakini hakuna aliyerithi mlizamu. Paa ni la wote, kwa hiyo kila mmoja humngoja mwenzake. Mvua hupiga ikapata tundu, tundu likapata boriti, na wenye nyumba bado wanaandikiana. Nina hakika kwamba kungoja huku kumeua kuta nyingi za mji wetu. Zipo pia nyumba zilizochukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, wakaingizwa wapangaji, chumba kimoja familia moja, kodi ndogo isiyotosha hata bati. Matokeo yake ni yale yale: waishio ndani ni wengi, wa kupanda juu hakuna.

Ami alitaka kubishana. Mama akaichukua simu akapanda nayo mpaka juu ya paa, akamwonyesha mtini, akamwonyesha tangi, kisha akashuka akamwonyesha mkono wake ulivyojaa unga wa boriti. Ami alinyamaza muda mrefu. "Huyo mzee anataka kiasi gani?" akauliza. Kuanzia siku ile hakuitaja saruji, na pesa alizoahidi zilifika. Wengine nao wakatoa, kila mtu kwa uwezo wake, mama akiandika kwenye daftari.

Harusi ilifanyika nyumba ya jirani, ng'ambo ya uchochoro. Jirani huyo alitoa ukumbi wake, mikeka yake na sufuria zake, na shangazi alikubali huku machozi yakimlenga. Bi harusi alishuka ngazi za nyumba yetu amepambwa, katikati ya nguzo za kuegemezea, na chembe za chokaa zilikuwa zimetua kwenye buibui lake alipofika mlangoni. Mzee fundi alisimamisha kazi, wasaidizi wakaweka miko chini, wakasimama kando mpaka alipopita.

Nirudi kwenye matengenezo yenyewe. Kazi ya kwanza ilikuwa kibali. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na anayetaka kubadili au kutengeneza nyumba ndani ya mipaka yake lazima apite Mamlaka ya Mji Mkongwe. Watu huona ni usumbufu. Mimi niliona faida yake: afisa aliyekuja kukagua alikubaliana na fundi karibu katika kila jambo, na alitutahadharisha tusikate sehemu yoyote ya roshani ya mbao, ambayo mtoto wa ami alikuwa ameshaipangia mahali pa mashine ya kiyoyozi.

Ya pili ilikuwa kushusha uzito. Tangi likamwagwa, likaondolewa, na tukanunua dogo zaidi, tukaliweka pembeni, juu ya makutano ya kuta mbili nene. Nguzo zikasimamishwa ukumbini, na chini yake chumba cha chini, zikifuatana juu ya mstari mmoja ili mzigo ufike ardhini. Mzee alisisitiza sana hapo. Ukiegemeza ghorofa ya pili peke yake, alisema, umehamisha mzigo kuutua juu ya sakafu ya kwanza, nayo hukuiuliza kama inaweza.

Kisha chokaa. Bado wako watu Unguja wanaochoma chokaa kwa njia ya zamani, wanapanga mawe juu ya magogo, wanawasha tanuri, moto unakula mpaka jiwe linakuwa jepesi na jeupe. Jiwe hilo lililochomwa si kitu cha kuchezea. Mzee alichimba shimo uani, akaweka mawe, akamwaga maji, na ua mzima ukafoka. Maji yalichemka bila moto, mvuke ukapanda mpaka ghorofa ya pili, watoto wakapiga kelele za furaha, na mama akawafungia ndani kwa sababu tone moja la chokaa moto laweza kupofusha jicho. Baada ya hapo shimo likafunikwa, chokaa ikalala chini ya maji. Kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika, na fundi mzuri haigusi mpaka iwe nyororo ya kukatika kwa mwiko.

"Wiki zote hizo kwa ukuta mmoja, fundi?" shangazi aliuliza.

"Bi mkubwa, ukuta huu ulikuwapo kabla yangu na yako. Hauna haraka. Mwenye haraka ni saruji."

Katika kungoja, wasaidizi walibandua saruji ya zamani ya kuta za chini, na hii ndiyo kazi iliyoniumiza moyo kuitazama. Saruji ilikuwa imeshika uso wa mawe kwa nguvu, kila kipande kilipotoka kilitoka na ngozi ya ukuta. Walitumia tindo ndogo na nyundo nyepesi, wakakataa katakata mashine. Lakini kazi hiyo hiyo, ilipofika juu, ndiyo iliyotupa tusichokitarajia. Upande wa ndani wa ukumbi kulikuwa na kabati kubwa la mbao laini lililopigiliwa ukutani miaka mingi, la kuwekea vyombo na mashuka. Lilipong'olewa, nyuma yake zikatokea zidaka, safu mbili, zimezibwa kwa matofali na saruji. Mama hakuzijua. Shangazi, aliye mkubwa kuliko mama, alikaa chini akasema aliwahi kusikia kwamba ukumbi huu ulikuwa na zidaka za bibi, na akadhani ni hadithi.

Zidaka ni vishubaka vilivyochongwa au kujengwa ndani ya unene wa ukuta, na katika nyumba za Lamu za karne ya 18 hupangwa safu kwa safu mpaka ukuta mzima ukawa pambo. Zetu ni za kiasi, zina upinde juu na mstari mmoja wa nakshi ya niru, ile chokaa laini ya kumalizia. Tatu zilikuwa nzima. Zilizobaki mzee alizirudishia kwa kufuata zile tatu, akipima kwa kipande cha boksi alichokikata kwa wembe.

Boriti mpya zilinunuliwa kwa muuzaji mwenye karatasi zake, maana mikoko haikatwi ovyo, na ni haki isikatwe ovyo. Zilizooza tu ndizo zilizotolewa. Ncha za mpya hazikuzungushiwa saruji. Zililazwa juu ya jiwe bapa, na pembeni zikaachiwa nafasi ya hewa, ili maji yakija tena yasipate mahali pa kukaa. Lipu ilipigwa kwa tabaka nyembamba, chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, mchanga wa machimbo uliooshwa, kwa kuwa mchanga wa pwani unaleta chumvi yake. Kila tabaka liliachwa likauke taratibu nyuma ya magunia yaliyoloweshwa. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa na kurudi kuwa jiwe, na ukiikausha kwa feni inapasuka. Mtoto wa ami ndiye aliyekuwa akilowesha magunia, asubuhi na jioni. Alipata mkono wa kazi hiyo, na mzee akawa anamwita hata kwenye nyumba nyingine.

Sasa nije kwenye mapambo, yaliyokuwa chanzo cha yote, na ambayo nayapenda kwa dhati. Wanaosema nyumba ya zamani iachwe bila kupambwa hawajakaa ndani yake. Nyumba ya zamani inataka kupambwa, ila inakuja na masharti yake, na ukiyafuata inakupunguzia gharama.

Dari tuliiacha wazi. Boriti zilisafishwa, zikapakwa mafuta, na katikati yake chokaa nyeupe. Dari ya jipsamu ingezificha, na pamoja nazo ingeficha doa la kwanza la maji, mchwa wa kwanza, ufa wa kwanza. Boriti unayoiona kila siku haiwezi kuoza kwa siri. Kuta zilipigwa chokaa ya maji, tabaka nyingi nyepesi, na ya mwisho ikatiwa nili kidogo sana, hadi weupe ukapata ubaridi mchana wa Januari. Rangi ya plastiki tuliikataa kwa sababu ile ile ya saruji: inaziba. Mama mdogo alipata maua yake ya dhahabu kwenye mapazia, na yanapendeza huko kuliko ambavyo yangependeza ukutani, ambako karatasi ingevimba na kuota ukungu masika ya kwanza.

Nyaya za umeme hazikuchimbiwa ukutani. Zilipitishwa nje, ndani ya mirija myembamba iliyofuata pembe za boriti, ikapakwa rangi ya mti, na leo mgeni haioni mpaka aonyeshwe. Taa ziliwekwa ndani ya zidaka. Mwanga ukitoka kwenye kidaka unasambaa juu ya niru na kurudi chumbani laini, bila kuumiza macho, na hakuna taa ya dukani iliyotupa mwanga wa namna hiyo. Vigae viliruhusiwa bafuni tu, na bafu lenyewe likahamishiwa upande wa ukuta wa nje, juu ya bafu la chini, ili bomba lishuke moja kwa moja na fundi aweze kulifikia. Naomba kila anayetengeneza nyumba ya ghorofa ya zamani aliangalie hili kabla ya jingine lolote: maji yapangwe juu ya maji, kamwe yasipangwe juu ya kitanda cha mtu.

Chumba kirefu na chembamba huwashinda wengi kwa sababu wanaweka makochi makubwa ya seti katikati, na baada ya hapo hakuna pa kupita. Ukumbi wetu ulipangwa kwa kufuata ukuta: magodoro ya kukalia yenye mito upande mmoja, busati katikati, samadari ya bibi kwenye ncha ya ndani, na kasha la njumu chini ya zidaka. Katikati pakabaki wazi. Watu 20 wanakaa na mpishi anapita na sinia. Televisheni ipo, imewekwa juu ya meza ndogo, na ukuta haukutobolewa.

Mlango mkubwa wa chini ulikuwa umepakwa vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka nakshi zikajaa. Vanishi hiyo ilitolewa kwa mkono, kwa brashi na subira, na chini yake ukaonekana mnyororo uliochongwa ukizunguka fremu nzima. Njumu za shaba zilisuguliwa kwa ndimu na majivu. Mlango ukapakwa mafuta, na kila mwaka utapakwa tena. Aliwahi kupita mtu akataka kuununua, akitaja bei ya kushawishi. Mama alimwambia mlango una wenyewe wengi kuliko anavyoweza kuwalipa, akaufunga.

Gharama haikuwa ndogo, na sitaki kumdanganya msomaji. Lakini tulipojumlisha daftari la mama, ile saruji ya miaka ya nyuma, kuibandua, na kurudishia mawe iliyoyaharibu, vilikula pesa kuliko chokaa yote ya ukumbi. Sehemu ya rangi, mapazia na taa ilikuwa ndogo kabisa. Mifuko ya saruji iliyobaki dakani aliinunua mtu anayejenga nyumba ya matofali Kisauni, na huko ndiko mahali pake.

Ninachowaomba wenye nyumba za mawe na chokaa, wa Unguja, wa Lamu, wa Mombasa, wa Bagamoyo, walio ndani na walio ng'ambo: wasikilizeni mafundi wazee wa chokaa na muwape vijana wa kuwasaidia wakiwa bado hai. Na mwezi wa Februari, kabla ya masika, mmoja wenu apande juu ya paa na ufagio na tochi, azibue mlizamu, ang'oe kila mche uliootea ukutani, aangalie tangi limesimama wapi. Rangi mtachagua akishashuka.